Mjadala: Viungo vya wanyamapori viondolewe kabisa katika tiba asili?

Mleta mada

Wadau, naweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo. Magamba ya kakakuona, pembe ya faru, mifupa ya chui milia na vichwa vya tumbusi viondolewe katika tiba asili, na sheria isiache mwanya wa "kiasi kidogo" wala "matumizi ya kimila". Nasema haya nikiwa mtu anayeiheshimu miti shamba na kuitumia.

Magamba na pembe ni keratini, kitu kile kile kinachojenga kucha zetu. Biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote nane imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na China yenyewe iliyaondoa magamba hayo kwenye orodha rasmi ya dawa zake mwaka 2020. Bado wanauawa. Kakakuona akitishwa hujikunja tu, basi jangili hana haja hata ya mtego. Anamwokota na kumtia guniani.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni tafiti za karibuni. Mwaka 2024 ilichapishwa habari ya Rakus, orangutani dume wa Sumatra aliyekuwa na jeraha bichi chini ya jicho. Alichuma majani ya mmea utambaao ambao wenyeji nao huutumia kama dawa, akayatafuna bila kuyameza, akapaka maji yake kwa kidole juu ya jeraha, kisha akalifunika kwa majani yaliyotafunwa. Hakupaka kwingine popote mwilini. Baada ya siku chache tu jeraha lilikuwa limefunga. Mwaka huo huo watafiti wa msitu wa Budongo, Uganda, walipima mimea ambayo sokwe wagonjwa au waliojeruhiwa huifuata, wakakuta mingi inazuia bakteria kukua.

Na kabla ya hao wote yuko Chausiku, sokwe jike wa milima ya Mahale, Tanzania. Mwaka 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe anayejua dawa za kwao, na mtafiti Michael Huffman walimwona akiwa amelegea, akimenya vijiti vya mjonso na kufyonza maji yake machungu. Mzee Mohamedi aliutambua mti mara moja, maana Watongwe hutibia tumbo na homa kwa mti huo huo. Kesho yake Chausiku alikuwa amechangamka. Sasa niambieni: nani angefaidika kama siku ile angepigwa risasi ili mfupa wake usagwe?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa heshima zote naomba kupinga. Mbona lawama zote kwa waganga? Tumbusi wa India hawakumalizwa na mganga. Walimalizwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya kisasa kabisa, waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe akifa, tumbusi akila mzoga ule, figo zake zinaharibika naye anakufa. Sababu hiyo ilijulikana mwaka 2004, aina tatu zikiwa zimeshapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2024 wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 walikufa watu wapatao 500,000 zaidi ya kawaida, kwa sababu mizoga ilibaki ikioza, maji yakachafuka na mbwa koko wakazidi.

Halafu nyongo ya dubu. Ndani yake mna asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa ini. Waganga wa China waliitumia nyongo hiyo karne nyingi kabla ya maabara. Usituambie kila kitu cha mnyama ni imani tupu.

Mleta mada

Hoja ya nyongo ni nzito, na ndiyo maana sikumtaja dubu pamoja na faru. Ile ni dawa kweli. Lakini asidi hiyo leo hutengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe wa machinjioni. Dubu anayefungiwa kizimbani na kutobolewa tumbo anateseka kwa ajili ya kitu ambacho tayari kiko kwenye kidonge. Ni hivyo hivyo kwa mjusi wa Gila wa majangwa ya Marekani na Meksiko. Katika sumu yake John Eng alipata kiini ambacho mwaka 2005 kilizaa dawa ya kisukari, na dawa yenyewe hutengenezwa maabara bila kumgusa mjusi.

Kuhusu tumbusi umenipa nguvu, mkuu. Guinea-Bissau, kuanzia mwishoni mwa 2019, zaidi ya tumbusi 2,000 walikufa kwa sumu, na baadhi yao walikutwa wamekatwa vichwa. Ukiziamini hesabu za India ulizotuletea, huwezi kuniambia kichwa kile ni tiba kwa yeyote. India iliifungia diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na wafugaji walikuwa na meloksikamu, dawa isiyomdhuru tumbusi, ya kushika badala yake. Waganga nao wafanyiwe hivyo hivyo.

Mchangiaji wa pili

Wanyama sawa. Miti je? Gome la Prunus africana hutumiwa kutibu tezi dume iliyovimba, na soko la Ulaya limeusumbua mti huo hadi CITES ikaudhibiti mwaka 1995. Pia marufuku peke yake humsukuma muuzaji gizani, bei ikapanda.

Mleta mada

Mti uliobanduliwa gome mzingo mzima hukauka, ila ukibandua upande mmoja na kuupa muda, unaweza kupona. Kakakuona havuliwi magamba akaishi. Miti idhibitiwe na kupandwa.

La bei nakubaliana nawe kabisa. Marufuku bila waganga wenyewe haitafika popote. Makala ya Chausiku ya mwaka 1989 ina majina mawili juu yake, la Huffman na la Seifu. Nataka hilo liwe utaratibu: mganga anayeonyesha dawa atajwe, asajiliwe na alipwe.

Kwa hiyo nawauliza mliofanya kazi na waganga: mmewahi kuona mmoja akiacha kiungo cha mnyama kwa hiari yake? Alishika nini badala yake, na wagonjwa wake walikipokea?