Yule bwana wa maiki kanivunjia heshima mbele ya wanangu, SIKUBALI

Baba_Watoto_Ng'ambo:
Jamani, ndo kwanza naingia nyumbani, hata kanzu sijavua. Ninayemsema nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa projekta na maiki, anayetafsiri picha kwa sauti kama boti inaondoka bandarini.

Leo kaweka katuni ya Madagascar ya pili, ile ya 2008. Nikasema haya, ile ya 2005 watoto washaikariri, wacha wapate mpya. Nikalipa, nikanunua na bisi, nikakaa zangu nyuma kwa adabu.

Basi Alex, yule simba wa bustani ya wanyama ya New York, kaanguka na ndege Afrika. Zuba, simba mkubwa wa pale, anamtolea meno. Mara Zuba na mkewe wanaiona ile alama kiganjani mwa Alex. Kumbe ndo mtoto wao aliyechukuliwa na majangili akiwa mdogo! Ukumbi kimya. HAPO HAPO bwana kasimamisha picha. Umeme haukukatika, kasimamisha kwa mkono wake. Kashika maiki: "Mzee wa kanzu kule nyuma analia na katuni, mpeni kitambaa."

Kwenye maiki! Spika zenyewe anaziegemeza mlangoni, mtaa mzima umesikia. Mie nnae mkwe mtaa ule!

Na sikuwa nalia, ni vumbi.

Kisha anasema ati ya pili imeipita ya kwanza. Imeipita wapi? Ya kwanza ina jambo moja tu: simba kashikwa na njaa, anamuona rafiki yake punda milia kama nyama, mpaka anamng'ata matako. Basi, umecheka na umeogopa. Hii ya pili wamejaza kila kitu: simba Makunga anawania ufalme, twiga kawa mganga, mto umekauka, na yule bibi mkorofi wa New York karudi tena. Pazuri ni pale pa alama kiganjani peke yake, na ndipo alipopazima. Analia na katuni. Mie!

Kijana_wa_Jang'ombe:
Nilikuwepo. Mzee ulikuwa unalia kwa kwikwi, mwanao mdogo ndo akawa anakupangusa.

BintiMkunazini:
Vumbi la wapi na masika haya?

Baba_Watoto_Ng'ambo:
Vumbi la feni.

Pengwini_Mkuu:
Hata ungelia damu, ya pili ni bora. Pengwini wanaunda ndege upya na kuwafanyisha kazi sokwe! Na Marty, yule punda milia rafiki wa Alex, kuingia kundi la punda milia wote sura moja, sauti moja, nilicheka nikapaliwa.

Mkongwe_wa_Vuga:
Nyie hamjui ukumbi. Enzi zile Majestic pale Vuga, Empire pale Darajani, picha ya Kihindi ikianza watu wazima walikuwa wanalia wazi wazi na hakuna wa kuwasimanga. Maiki ya nini?

Mpemba_Halisi:
Watu wa mjini mna raha, mnapata pa kugombana na mwenye maiki. Mie nimeagiza Madagascar ya tatu, ile ya 2012, niletewe kwenye flashi kutoka Unguja. Nimekusanya watoto, nimemwita na mama mkwe, nafungua: harusi ya watu nisiowajua! Saa nzima, bibi harusi mwenyewe hajatoka.

BintiMkunazini:
Biriani lilionekana?

Mpemba_Halisi:
Lilionekana. Nyama haba.

Baba_Watoto_Ng'ambo:
Jamani tunazungumzia MAIKI. Kasimamisha picha kwa mkono wake!

Kijana_wa_Jang'ombe:
Mzee tulia, utaingiwa na vumbi tena. Hiyo harusi ya wapi?

MkeWaMtu_Kikwajuni:
Ngojeni kwanza. Mpiga picha wetu alikula pesa yetu, akasema faili limepotea. Huyo bibi harusi kavaa rangi gani?

Mpemba_Halisi:
Katoka mwishoni mwishoni, kijani.

MkeWaMtu_Kikwajuni:
Kuna shangazi mnene anamsukuma mpiga zumari?

Mpemba_Halisi:
Yupo! Kamsukuma mara mbili, watoto wangu wanairudisha hiyo tu.

MkeWaMtu_Kikwajuni:
NI MIE HUYO! Usifute kitu. Mume wangu anapanda boti ya kwanza.

Mpemba_Halisi:
Aje. Na aniletee ya tatu.