Kambare wakubwa kwenye tangi moja la kioo: mmoja ameliwa, hawa watatu watakaa pamoja?

MzaziTabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa anayefuga kambare ndani ya nyumba. Mwaka jana mwezi wa tatu nilichukua vifaranga vinne kwa mfugaji, kila kimoja urefu wa kidole. Tangi ni la futi 4 kwa 1.5 kwa 1.5, lita kama 250. Leo mkubwa ana sentimita 47 na wawili wanamkaribia. Wa nne alidumaa, hakuvuka 20. Jumanne asubuhi hayupo. Tumetafuta chini ya kochi na nyuma ya kabati, hakuna, na tumbo la mkubwa limetuna. Binti yangu wa miaka 9 ndiye anayewalisha. Tangu siku hiyo hataki hata kulisogelea tangi.

Maji nabadilisha yote kila Jumapili, sponji ya filta naisugua kwenye bomba mpaka inatakata, lakini ikifika Jumatano maji yameshachafuka. Samaki wanakula vizuri, hawana dalili ya ugonjwa. Dukani wamenishauri niongeze ngogo wawili na wale "papa wadogo" watatu ili mkubwa apunguze ubabe. Nifanyeje?

ZiwaKisumu
Pole sana, na umpe pole mtoto. Huku tunamwita mumi. Angalia kifuniko kwanza. Wangu alikisukuma usiku wa mvua, asubuhi nikamkuta chini ya friji, bado mzima. Weka kitu kizito juu, lakini acha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko. Kambare asipopanda kuvuta hewa anaweza kufa maji.

MfugajiMwanza
Mkuu, nazalisha vifaranga vya kambare, nakujibu kwa niliyoyaona.

Aliyeliwa hakuliwa kwa ugomvi. Kambare humeza chochote kinachoingia mdomoni, awe ndugu yake au la. Ndiyo maana sisi huwachambua vifaranga kwa ukubwa kila baada ya wiki mbili, wakubwa huku, wadogo kule. Ukichelewa, asubuhi unakuta idadi imepungua na wachache wamenenepa. Mwambie binti yako kwamba hakukosea kitu.

Watatu waliobaki wanalingana, kwa hiyo hawatamezana. Watang'atana mikia wakigombea maficho. Kata mabomba ya plastiki ya inchi 6, weka vipande vinne kwa samaki watatu, kila kimoja upande wake.

Linalonitia hofu ni maji. Unasema hawana dalili. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, kwa hiyo kwenye maji ambayo perege angekuwa ameshaelea, yeye anakula kama kawaida huku amonia, sumu inayotokana na taka zao, inamchoma ngozi. Kuwa hai kwake hakukuambii kitu. Tazama sharubu. Zinatakiwa ziwe nane, ndefu, nyembamba mpaka nchani. Zikiwa fupi, butu au zenye wekundu, maji yanamla.

Na sababu ni usafi wenyewe. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitreti isiyo kali sana, wanaishi kwenye ile sponji. Ukiisugua kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua, kila Jumapili unaanza upya. Badilisha theluthi moja tu, mara mbili kwa wiki, kwa maji yaliyolala wazi kwenye ndoo siku nzima. Sponji ikamue kwenye maji ya tangi lenyewe. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, ikamue kabla ya kuwasha filta tena, maana huenda baadhi ya bakteria ndani wamekufa kwa kukosa hewa. Samaki wa ukubwa huo walishe siku tatu kwa wiki, chakula cha kuelea, kinachobaki kitoe.

Ngogo usiweke kabisa. Miiba yake ya mgongoni na mbavuni hujifunga ikiwa imesimama. Nimeshaona mwaloni kambare aliyekufa na ngogo amekwama kooni, wote wawili wameoza. Hao "papa" ni pangasi wa mto Mekong, nao ni jamii ya kambare. Hupita mita moja, ni waoga, wakishtuka hujipigiza kwenye kioo.

Ukweli wa mwisho unauma: tangi la futi 4 limeshawashinda. Mkubwa wako akifika sentimita 60 hataweza kugeuka vizuri kwenye upana wa futi 1.5. Kama una uwanja, jenga bwawa la saruji la mita 3 kwa 2, kina mita 1, ukuta uzidi maji kwa nusu mita.

MzaziTabata
Nimetoka kuwamulika kwa tochi. Mkubwa sharubu mbili zimebaki vipisi, na mmoja ana wekundu kidevuni. Mwaka mzima nawatazama sikuwahi kuziangalia. Nimetoa theluthi ya maji usiku huu, binti alikuja kunishikia ndoo. Uwanja upo, fundi anakuja Jumamosi. Saruji mbichi haitawadhuru?

MfugajiMwanza
Itawadhuru kama una haraka. Chokaa yake hupandisha pH, kile kipimo cha asidi ya maji; ikizidi sana huwachoma samaki. Jaza maji, acha wiki, mwaga, rudia hata mara tatu, kisha pima. Ikishuka chini ya 8.5 na haipandi tena kwa siku tatu, wahamishe jioni, na lile sponji kuukuu uende nalo.