Nywele zangu za singa zimegeuka kikaango tangu nihamie Kigamboni, naomba ushauri

BintiSoni
Habari za jioni wanajamvi. Huu ndio uzi wangu wa kwanza, siku zote nimekuwa msomaji tu, kwa hiyo mnivumilie.

Nina miaka 24. Nywele zangu ni za singa, nimezirithi kwa bibi mzaa baba, mtu wa Pangani mwenye damu ya Kiarabu, na zimefika kiunoni. Nimekulia Lushoto. Kule nilikuwa naosha kichwa mara moja kwa wiki na maisha yanaendelea. Januari nimehamia Kigamboni kikazi, na tangu hapo kichwa changu ni kama nimemwagiwa mafuta ya kukaangia chipsi. Nikiosha leo asubuhi, kesho mchana nywele zimeshikana mafungumafungu na zimelala kichwani. Foronya ina doa la duara pale ninapoweka kichwa. Hijabu naivaa saa kumi na mbili asubuhi, naivua saa moja usiku. Harufu ninayokutana nayo nikivua, tuiache.

Nimejaribu kuosha kila siku kwa sabuni ya mche, maana jirani kasema ndiyo inayokata mafuta. Nimejaribu ndimu. Nimejaribu yai, nikanuka yai. Shosti akaniletea mafuta ya mnyonyo eti yatasawazisha. Hali ndiyo kwanza inazidi. Juzi chumba cha kuswalia kazini mwenzangu kaniuliza napaka mafuta gani ya nazi yanang'aa hivyo. Nikacheka naye, halafu nikaenda kujifungia chooni.

Kukata sitaki. Nisaidieni.

Mpiga Mbizi
Kata. Nywele huota.

MamaWawili
@Mpiga Mbizi uzi hujausoma wote wewe.

Kaka Boda
Naweka kambi hapa. Mimi ni kipilipili kabisa lakini nikivua helmeti saa nane mchana kipaji cha uso kinang'aa kama sufuria mpya.

Msusi Mstaafu
Binti pole. Nimeshika vichwa vya watu miaka 19, na sijawahi kumpa mtu dawa kabla sijaangalia kitana chake. Nijibu haya kwanza. Unaosha kwa maji gani? Ukikwangua kitana chako kwa kucha kinatoka nini, mafuta ya njano yanayoteleza au kitu kizito cha kijivu? Kichwa kinawasha? Na ukishaosha unaziacha zikauke au unabana zikiwa mbichi?

BintiSoni
Shikamoo mama. Maji ni ya kisima cha mwenye nyumba, ya chumvi, hata chai haina ladha. Kitana nimekikwangua sasa hivi: kijivu, na nikikisokota kati ya vidole kinaviringika kama nta ya mshumaa. Kichwa kinawasha kisogoni na nyuma ya masikio, kuna magamba ya njano yamegandamana. Na ndiyo, nabana mbichi, maana naamka saa kumi na moja na nina kivuko cha kuwahi.

Msusi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Basi una mambo matatu umeyaita jina moja.

La kwanza, hiyo nta. Hiyo si mafuta ya kichwa chako, ni sabuni. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya chumvi haitoi povu, inaganda. Ule utando mweupe unaouona pembeni ya beseni ukishafua ndio huo huo umekaa kwenye nywele zako, na kila ukiosha unaongeza tabaka. Unahisi mafuta, unaosha zaidi, unazidi kujipaka.

Usiniamini kwa maneno, fanya hivi. Chukua chupa mbili za maji ya kunywa zilizoisha. Moja tia maji ya kisima, nyingine ya mvua au hayo ya kununua, nusu nusu. Kwangua sabuni kwa kisu, kipande cha ukubwa wa kucha kila chupa. Funga, tikisa mpaka uhesabu ishirini. Moja itajaa povu na maji chini yatabaki yanapitisha mwanga. Nyingine itakuwa kama maji ya kuoshea mchele, na juu kuna vipande vinaelea. Utajua unachojimwagia.

La pili ni hayo magamba, nitamwachia mwenye taaluma yake. La tatu ni kichwa chako chenyewe. Nywele za singa hazina kona, mafuta yakitoka kwenye ngozi yanateremka moja kwa moja mpaka chini. Mwenye kipilipili mafuta yanakwama kwenye kona ya kwanza, ndiyo maana ncha zake zinakauka na kukatika huku ngozi ina mafuta. Kwa hiyo ushauri wa rafiki zako wenye nywele za kipilipili usiuchukue mzima mzima, na huo mnyonyo mrudishie mwenyewe.

@Kaka Boda, wewe unapaka nini asubuhi?

Kaka Boda
Mafuta ya mgando kidogo tu mama, nywele zisikauke.

Msusi Mstaafu
Basi umeshajijibu. Jua la Dar, helmeti juu, mafuta ya mgando chini. Yanayeyuka yanakuja usoni.

Ticha wa Kemia
Niongezee kidogo kwenye sabuni. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na hayo ni chokaa. Maji ya ardhini yakipita humo yanabeba kalsiamu na magnesiamu, ndizo zinazoshikana na sabuni na kuifanya igande. Angalia birika lako, ule ukoko mweupe ndio ushahidi. Shampuu nyingi zimetengenezwa kwa kitu kingine kisichoganda hivyo, ndiyo maana kwenye maji ya chumvi shampuu ya bei ndogo inaishinda sabuni nzuri ya mche. Kuondoa utando uliokwisha kukaa, vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, mwaga baada ya kuosha, kaa dakika moja, suuza.

Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo, lakini usitoke nayo juani. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakipigwa na jua yanaunguza na kuacha madoa meusi. Mdogo wangu alikaa na michirizi shingoni miezi.

Tabibu wa Mtaani
Mnazunguka sana. Magadi. Kijiko kimoja kichwani, mafuta yote kwisha.

MamaWawili
Na nywele zote kwisha. Mimi nilifanya, zikawa kama katani.

Tabibu wa Mtaani
Halafu kuosha kila siku ndiko kunakoita mafuta. Kichwa kikinyimwa mafuta kinatengeneza mengine kwa hasira. Akae wiki mbili bila kuosha, kitazoea.

Nesi wa Zamu
Hapana jamani, hili linasemwa sana. Tezi za mafuta zinaendeshwa na homoni, hazina habari umeosha lini. Ndiyo maana watoto wadogo hawana shida hii, inaanza ukibalehe. Akikaa wiki mbili na hayo magamba na hijabu saa kumi na tatu kwa siku, atarudi hapa na vidonda.

Dada, maelezo yako yanafanana na mba wa mafuta. Kuna fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chao ni mafuta. Wakizidi, ngozi inawasha na kubanduka magamba ya njano yenye kunata, hasa nyuma ya masikio na kwenye nyusi. Nywele kubanwa mbichi chini ya kitambaa kutwa nzima, joto na unyevu, umewawekea karamu. Mafuta ya kula ukipaka kwenye ngozi ya kichwa ndiyo unawaongezea.

Nenda duka la dawa uliza shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne. Watu wengi wanakosea hapa: wanapaka na kusuuza hapo hapo. Iache kichwani dakika tano, ndipo isuuze. Siku nyingine tumia shampuu ya kawaida. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie mfamasia kwanza.

Swali la faragha, si lazima ujibu hapa. Siku zako zinakuja kwa mpangilio? Chunusi zimezidi, au ndevu kidevuni? Kama ndiyo, usihangaike na shampuu peke yake, nenda hospitali wakupime homoni, maana kuna tatizo la vifuko vya mayai linalojionyesha hivyo.

BintiSoni
Siku zangu ziko sawa dada, na ndevu sina. Asante kwa kuuliza, hakuna aliyewahi kuniuliza.

UmmuSalim
Nawasalimu kutoka Maskati. Sisi huku wengi ni singa na joto la mwezi wa saba mnalisikia tu. Ninatumia unga wa majani ya mkunazi, huku wanaita sidri, sokoni unapimiwa kwa kilo. Kwetu Unguja nyanya alikuwa anachuma majani mabichi, anayatwanga kwenye kinu, anayavuruga kwenye maji ya vuguvugu mpaka yanatoa povu la kijani. Yana povu lake la asili, kwa hiyo hayagandi na maji ya chumvi kama sabuni. Kichwa kinatoka chepesi. Ila uchuje kwa kitambaa cha kanga kuukuu, usipochuja utakuwa unaokota vijani kwenye mto siku tatu.

Mpiga Mbizi
Samahani, mkunazi si ndio wa kuoshea maiti?

UmmuSalim
Ndio huo huo. Anaoshwa kwa kitu kizuri, ulitaka aoshwe kwa kibaya? Wazima walianza kuutumia kabla hawajafa.

MamaWawili
😂😂 Jamvi hili litaniua.

Msusi Mstaafu
Mkunazi ni mzuri, nauunga mkono. Nimalizie ya kwangu. Osha jioni badala ya alfajiri, zikauke kabla hujalala. Shampuu iende kwenye ngozi tu, kwa ncha za vidole, si kucha. Huko chini povu linaloteremka linatosha. Kondishena kinyume chake, iwe chini ya masikio, isiguse ngozi. Kwa nywele zako kuosha kila baada ya siku moja si dhambi. Kofia ya ndani ya hijabu iwe ya pamba, uwe nazo tano, kila siku moja. Wengi wanaosha kichwa halafu wanavaa kofia ya wiki iliyopita. Na kitana kiloweke kwenye maji ya siki, usichanie nywele safi kwa ile nta.

BintiSoni
Wanajamvi, nimekuja na mrejesho, wiki ya nne leo.

Zile chupa nilizifanya usiku ule ule. Ya maji ya kununua ilijaa povu mpaka kwenye kifuniko. Ya kisima ilikuwa kama maji ya dagaa, na ukingoni ilibaki ile nta yangu ya kijivu. Nikakaa kitandani nikiitazama. Mwenye nyumba kaja kuuliza nachekea nini.

Sabuni ya mche imebaki ya kufulia. Ketokonazoli nimemaliza, kuwasha kumekwisha wiki ya pili, nyuma ya masikio bado pamebaki kidogo. Siki natumia Jumamosi. Mkunazi niliupata kwa mama mmoja Kariakoo ila sikuchuja vizuri, UmmuSalim ulinionya. Nisidanganye, kichwa bado kina mafuta, siku ya pili jioni naanza kuyaona. Lakini ni mafuta sasa, si nta, na shampuu inayatoa mara moja. Nimenunua foronya nyeupe makusudi.

Masika imeanza na nimetega pipa chini ya bati. Maji ya mvua yakikaa wiki mbili bado yanafaa kuoshea?

Ticha wa Kemia
Yanafaa. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kinga kuanzia ya pili. Na pipa lifunike kwa chandarua, usije ukatufugia mbu.

Mpiga Mbizi
Mimi bado nasema kata.