Tupeane uzoefu: maadui wa komiki wenye jina moja

Mwenye Uzi
Wakuu, habari za jioni. Wapenzi wa komiki na muvi za mashujaa, sogeeni hapa. Leo nawataka wale maadui ambao ukitaja jina lao kijiweni mnabishana mpaka kahawa inapoa, kumbe kila mtu anamsema wake.

Naanza na Clayface, adui wa Batman. Kwa wauza vitabu vya mtumba kule Posta nilipata mkusanyo wa Batman za kale, jalada limeshang'oka. Ndani yumo Clayface wa kwanza kabisa, wa Detective Comics namba 40, Juni 1940. Anaitwa Basil Karlo, mwigizaji wa filamu za kutisha aliyechuja. Akasikia filamu yake ya zamani inarudiwa na watu wengine, akavaa kinyago akaanza kuwaua mmoja mmoja. Hana nguvu yoyote huyu, ni binadamu mwenye kisu na kinyongo. Yule wa udongo anayejigeuza chochote alikuja 1961, jina lake Matt Hagen, mtafuta hazina aliyekuta dimbwi la ajabu pangoni. Halafu waliotengeneza katuni ya televisheni ya 1992 wakachukua jina la Hagen, wakampa kazi ya Karlo ya kuigiza! Mtoto wa dada yangu kaiona katuni, mimi nina kitabu. Pale nyumbani Kinondoni hatujawahi kuelewana.

Wapo wengine baada ya hao, tuwaache. Tiririkeni. Sharti moja tu: jina lije na kisa chake.

Maiki ya Temeke
Mkuu, umenigusa penyewe. Mimi natafsiri muvi kibanda umiza, nimeanza enzi zile kila mtu anataka kuwa Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi. Kazi yetu ina kanuni: mteja amjue steringi na amjue adui mapema, la sivyo miluzi inaanza. Sasa ikaja Iron Man ya tatu, ya 2013. Mandarin mwenye ndevu anatishia Marekani nzima kwenye televisheni, nami nikampandisha vilivyo, sauti nzito, majigambo, kila akitokea watu wanatulia. Katikati ya muvi steringi anavamia anapoishi, anamkuta mlevi mmoja anaitwa Trevor, mwigizaji wa kukodiwa! Kibanda kilichafuka. Mzee mmoja akasimama anadai kiingilio chake, eti hajalipia kuangalia mlevi, walevi anao mtaani kwake.

Nikaokoa jahazi kwa maneno ya kichwani mwangu: "Tulieni, Mandarin mwenyewe yuko milimani, huyu kibaraka tu." Mwishoni Killian, yule aliyemkodi Trevor, naye akadai Mandarin ni yeye. Hapo nikajifanya maiki imezingua.

Ikaja Shang-Chi, 2021. Nani katokea? Wenwu, anaigizwa na Tony Leung, bwana mwenye pete kumi, maskani yake milimani kwelikweli! Na Trevor yumo humo, amefungwa kwake. Wenwu mwenyewe analalamika kwamba wamempachika hilo la Mandarin, jina la mlo wa kuku. Wateja walewale waligeuka wote kunitazama mimi. Siku hizi wananiita nabii, na yule mzee ndiye wa kwanza kukaa mbele.

Mwenye Uzi
Mkuu, huo unabii usiuache, tutakuja na mikeka yetu.

Shangazi wa Tabata
Mimi komiki sizijui sana, ila hili limetukuta nyumbani. Wifi yangu alimwagizia binti yake keki ya bethidei. Mtoto anampenda Enchantress, yule mwanamke wa nywele za dhahabu na nguo ya kijani anayemsumbua Thor. Mpishi wa keki akatumiwa jina tu, bila picha. Akatafuta mtandaoni, akaletewa Enchantress wa muvi ya Suicide Squad ya 2016, mchawi aliyejaa masizi, nywele zimemwagika usoni. Keki inafunguliwa, watoto wanapiga makelele, bibi mzaa baba anauliza nani kaleta mambo haya ndani ya nyumba ya watu! Hao wote wawili ni maadui, wote wanatumia uchawi, ila kila mmoja ana kampuni yake: wa kijani ni wa Marvel, tangu 1964, wa masizi ni wa DC, tangu 1966. Mtoto wa kiume wa jirani ndiye aliyetufafanulia, huku anakula.

Fundi Redio
Wa kwangu mfupi. Power Man. Adui Erik Josten alilitumia jina hilo tangu 1965. Luke Cage, shujaa wa Harlem, akajipachika 1974. Josten akamfuata mwaka huohuo wapigane, mshindi abaki na jina. Cage akashinda. Huku kwetu wangepelekana BRELA, kwa wasajili wa majina ya biashara.

Kijana wa Upanga
Fundi, hata kwao kuna la makaratasi. Black Adam, yule wa muvi ya 2022, alizaliwa 1945 akiwa adui wa Captain Marvel. Huyo Captain Marvel mchapishaji wake alimwacha 1953 baada ya kesi ndefu na wenye Superman, yaani DC. Mwaka 1967 Marvel wakalichukua jina, na DC haohao walipomrudisha yule wa zamani 1973 ikabidi kitabu kiitwe Shazam!.

Ila kisa changu ni Hobgoblin, adui wa Spider-Man. Baba mdogo alikuwa baharia, alituletea vitabu vya Spider-Man bila mpangilio, namba hii na ile. Kaka yangu akasoma namba 289 ya 1987, inasema Hobgoblin alikuwa Ned Leeds, mwandishi wa habari, ameshauawa. Mimi nimeshika kingine, Hobgoblin mzima anaruka angani! Kumbe huyo ni Jason Macendale, kachukua vazi. Sasa raha yenyewe: Roger Stern, aliyemwanzisha mwaka 1983, aliacha kuandika kitabu hicho kabla hajafichua ni nani. Waliofuata wakachagua Leeds. Stern akarudi 1997 akasema hapana, tangu mwanzo ni Roderick Kingsley, tajiri wa mitindo ya nguo, Leeds alichezewa akili tu. Na Kingsley akamfuata Macendale jela akamuua.

Mwenye Uzi
Hiyo naipenda kuliko zote. Mwenye jina karudi kulichukua. Wengi wanaorithi majina mimi huwaona dhaifu, mwandishi kaishiwa tu.

Nusu Kinyago
Mkuu, napinga. Red Hood je? Mwaka 1951 ilielezwa kwamba Joker, adui wa Batman, kabla hajawa Joker alikuwa Red Hood, mwizi mwenye kofia nyekundu aliyetumbukia kwenye maji ya kemikali. Mwaka 1988 Joker huyo akamuua Jason Todd, Robin wa pili, yaani msaidizi wa Batman, na wasomaji ndio waliopiga kura kwa simu: 5,343 afe, 5,271 aishi. Mwaka 2005 Jason anarudi, anajiita Red Hood. Kati ya majina yote duniani kachagua la aliyemuua! Hapo mwandishi kaishiwa nini? Mimi nilipofika ukurasa ule daladala ilinipitisha kituo cha Ubungo na sikujali.

Mwenye Uzi
Jason namwondoa kwenye kapu langu, wengine wabaki.

Maiki ya Temeke
Nusu Kinyago, hiyo ya Jason ina muvi? Jumamosi sina ratiba.

Nusu Kinyago
Ipo ya katuni, ya 2010. Niko Ubungo, njoo na flashi.