Wanagenzi katika ofisi ya mawakili: mipaka ya msaada wa kisheria bila malipo ni ipi?

Mwanagenzi_DSM:
Habari za kazi, mawakili wasomi. Nimehitimu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na ninasubiri kuapishwa, huku nikifanya kazi chini ya wakili katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Wakuu wa ofisi wamekubali kwamba sisi wanagenzi tutenge sehemu ya wiki kuwahudumia bila malipo watu wasiomudu wakili, wengi wao wakiwa wafanyakazi walioachishwa kazi na wanawake wenye mashauri ya ndoa na viwanja. Naomba kufahamu ni kazi zipi tunaweza kuzifanya wenyewe, na ofisi ijipange vipi ili huduma isije ikawa hafifu kwa sababu tu hailipiwi.

Wakili_Temeke:
Hongereni, ndugu yangu. Mpaka wa kwanza unatokana na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Ambaye hajaandikishwa katika Daftari la Mawakili na hana leseni hai hawezi kusimama mahakamani kama wakili wa mtu, na kutodai malipo hakubadilishi jambo hilo. Mnaweza kumsikiliza mteja, kukusanya vielelezo, kutafiti na kuandika rasimu. Hata hivyo, kila hati inayokwenda mahakamani hubeba jina la aliyeiandaa, na jina hilo liwe la wakili aliyeisoma na kuirekebisha mwenyewe, si aliyegonga muhuri akielekea kwenye kesi ya mteja anayelipa.

Nawashauri muanze na migogoro ya kazi, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamruhusu mhusika, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kuwakilishwa na wakili, na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Hapo mwanagenzi anaweza kuketi mezani na mteja wake kihalali, na usuluhishi ni shule nzuri sana ya kazi hii. Hatua ya uamuzi, ambako ushahidi unapokelewa na mashahidi wanahojiwa, mimi nisingeiacha bila wakili.

Mratibu_wa_Huduma:
Naafiki aliyoyasema wakili msomi, ila kwa uzoefu wangu mteja wa bure huumizwa zaidi na muda pamoja na mlango aliopitia kuliko na rasimu mbaya. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume, na akizidisha lazima aombe kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. Kwa hiyo swali la kwanza mezani liwe tarehe ya kuachishwa kazi, kabla hata hajaanza kusimulia alivyotendewa. Vivyo hivyo, anayetaka talaka kwa kawaida hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa na kupewa hati inayoonyesha kuwa usuluhishi umeshindikana, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka, na asipokuwa nayo ombi lake linaweza kutupwa nje. Katika ardhi, tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu na haliamui tena, kwa hiyo anayeshauriwa asubiri hukumu ya kata anapotezewa muda wake. Nimewaona akina mama waliozungushwa miezi na miezi kwa ushauri wa namna hiyo, na inaniuma kwa sababu lilikuwa jambo la kuuliza dakika tano.

Hakikisheni pia mteja anajua kwamba Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inamruhusu masikini kuomba afungue shauri bila kulipa ada ya mahakama. Wakili wa bure hamsaidii mtu aliyekwamia kwenye dirisha la malipo.

Msomi_wa_Dodoma:
Naongeza dogo. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Mwandikieni mteja barua fupi ya Kiswahili inayoeleza shauri lake limefikia wapi na nani anawajibika nalo, na katika barua hiyo msijiite mawakili kabla ya kuapishwa.

Mwanagenzi_DSM:
Nawashukuru sana wakubwa zangu. Limebaki moja linalonisumbua: sisi tunakaa ofisini kwa muda tu, ilhali shauri la kiwanja linaweza kuchukua miaka. Mteja anabaki na nani?

Wakili_Temeke:
Anabaki na ofisi. Jalada lifunguliwe kwa jina la wakili msimamizi tangu siku ya kwanza, na kila tarehe ya shauri iingizwe kwenye shajara yake, si kwenye simu ya mwanagenzi. Anayeondoka amkutanishe mteja ana kwa ana na anayempokea, jalada likiwa mezani. Ofisi isiyo na wakili aliye tayari kufanya hivyo isipokee mashauri ya muda mrefu. Itoe ushauri na kumwelekeza mteja kwa mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.