Mafuta ya asili au ya dukani? Tupeane uzoefu wa ngozi zetu

Binti_Pangani
Habari zenu wadau. Nyumbani kwetu pana mgogoro. Mama mkwe hataki kuona losheni karibu na mjukuu wake, anasema nazi na liwa (ule msandali wa kusugua) vinatosha, "kemikali" zinakula ngozi. Wifi yangu anauza vipodozi Dar, na kwake kitu cha kutwangwa kwenye kinu ni ushamba. Mimi niko katikati na ngozi yangu isiyoeleweka: nazi nikipaka miguuni nang'aa, nikipaka usoni chunusi zinaamka. Basi tupeane uzoefu. Nini kimekukubali, nini kimekukataa, na unadhani kwa nini? Wenye losheni za kuuza inbox naomba mpite kushoto.

FundiHina_Mombasa
Kazi yangu ni kupaka maharusi hina. Hina ya majani, ukiibandua ni rangi ya chungwa, ikikaa siku mbili inaiva kuwa kahawia. Nyeusi tititi haiwi hata uisomee dua. Ile nyeusi ya papo kwa papo, piko tunayoita, ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali inaitwa PPD. Kule ufuoni watalii wanachorwa hiyo wakiambiwa ni hina. Baada ya siku chache unaona malengelenge yamefuata ua lile lile alilochorwa, jani kwa jani. Na ubaya wake, ngozi ikishaikataa PPD haisahau. Mtu huyo akija kutia rangi nywele miaka mingi baadaye, uso waweza kuvimba mpaka macho yasifunguke. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, lakini kuchorea ngozi ni marufuku. Mimi maharusi wanaotaka weusi nawaambia siku hizi sipaki. Wengine wanakwenda kwa jirani. Na waende.

Binti_Pangani
Duh. Haya nikimsomea mama mkwe atatembea mtaa mzima akitangaza ushindi.

Mfamasia_Mwanza
Asitangaze bado, dada. Wanaokuja dirishani kwangu na uso ulioharibika, sehemu kubwa ni mkorogo wa kujichubua, hilo linajulikana. Lakini wapo wa ndimu pia. Msichana anakamua ndimu usoni aondoe madoa, kisha anatoka juani kwenda kazini. Ndimu ina kemikali zake za kuzaliwa nazo, furokumarini, ambazo zikipigwa na jua zinaunguza ngozi kabisa. Inakuwa nyekundu, inatoa malengelenge, halafu panabaki doa jeusi la miezi. Alitaka kuondoa doa dogo, sasa ana ramani.

Na hiyo zebaki iliyomo kwenye baadhi ya mikorogo mnadhani imebuniwa maabara? Inatoka ardhini. Kuwa ya asili hakujaizuia kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwanzoni uliweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni kwenye vipodozi, na tangu 2025 umepiga marufuku vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, maana yake usiitie.

Kwa upande mwingine, vitamini C ya kiwandani na iliyomo kwenye ungo wa mapera ni molekuli ile ile. Ngozi haina pa kusoma cheti cha kuzaliwa. Mimi mteja akiniuliza "hii ni ya asili?" namjibu kwa swali: ina nini, kiasi gani, na utaipaka wapi?

Mzee_wa_Makambako
Mimi mafuta ya mgando tu, kopo kubwa, kuanzia kisigino hadi kipara. Baridi ya huku Juni na Julai inapasua midomo mpaka unaogopa kucheka. Nazi huku inaganda koponi kama mafuta ya ng'ombe, na hata ukiipasha haikai. Mgando unatokana na mafuta ya petroli, najua, na uliandikishwa hataza tangu 1872. Toka hapo watu wamejipaka. Siri ni kupaka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, kwa sababu wenyewe hauleti maji, unayafungia tu.

MamaKelvin_Moshi
Nina mtoto mwenye ualbino, kwa hiyo kwangu mjadala huu hauna anasa. Alipozaliwa kila mgeni alikuja na ushauri: mpake nazi, mpake ubuyu, ni asili, vinazuia jua. Kinga ya mafuta hayo dhidi ya jua ni ndogo mno, na mtoto wangu hana melanini, ile rangi ya ngozi, ya kumsaidia. Anachopaka ni KiliSun, inatengenezwa hapa hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Anapaka asubuhi, anapaka tena mchana, kofia pana, mikono mirefu. Bibi yake alipinga mwanzoni. Akapelekwa kliniki ya ngozi akaona watu wazima wenye vidonda vya saratani masikioni na shingoni. Sasa yeye ndiye anayemkimbiza na kofia.

Nazi tunapaka pia, usiku, kulainisha. Kila kitu na kazi yake.

Mwani_Paje
Mimi natengeneza sabuni ya mwani. Sabuni ya mche haina shida ya kuoza. Wateja, hasa wageni, wakaanza kuniomba krimu ya mwani "isiyo na kihifadhi". Nikasema haiwezekani. Krimu ina maji, na penye maji bakteria na ukungu wanahamia, hasa kwa joto la Unguja. Ukungu nao ni wa asili eti! Kihifadhi kidogo kinachojulikana ni bora kuliko kopo linalofuga wadudu ndani.

Mfamasia_Mwanza
@Mwani_Paje umegusa penyewe. Watu walipozikimbia parabeni, vihifadhi vilivyozoeleka, kampuni nyingi zikahamia kihifadhi kingine, methilisothiazolinoni. Mzio ukalipuka Ulaya mpaka wakaipiga marufuku kwenye krimu zisizosuuzwa. Parabeni zenyewe madaktari wa mzio wa Marekani walizitaja 2019 kuwa si tatizo la mzio kwa watu wengi. Maandishi ya "haina parabeni" kwenye kopo hayakuambii kilichowekwa badala yake.

Binti_Pangani
Na shubiri je? Ile nakata uani, mbona inanipa muwasho?

Mfamasia_Mwanza
Utomvu wa njano huo, unakaa chini ya ganda. Ukikata jani lisimamishe kwenye kikombe uchuruzike, kisha osha, menya, tumia ute mweupe peke yake. Na kitu chochote kipya, cha uani au cha dukani, jaribu kwanza mkononi kwa ndani, subiri siku mbili.

Loita_boy
Naomba niwaulize nyinyi watu wa pwani: hiyo liwa inatoka wapi? Huku kwetu kuna msandali wetu wa porini. Watu wanakuja usiku wanaung'oa na mizizi, kwa sababu mafuta mengi yako kwenye mizizi na kiini. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji 2007, na 2013 mti ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini magunia bado yanakamatwa. Kwa hili mimi niko upande wa maabara. Harufu ya msandali ya kutengenezwa ipo na haing'oi mti wa mtu.

FundiHina_Mombasa
Ya kwangu ni kipande cha kutoka India, nasugua mwenyewe juu ya jiwe. Ya unga siinunui, sijui imechanganywa na nini.

Binti_Pangani
Ya mama mkwe ni ya unga, ya sokoni Tanga, kwenye kikaratasi. Kesho namuuliza muuzaji. Wifi asijue kwanza.