Nibadilishe injini au niifungue nifanye ovahol? Naombeni ushauri

Nusu Tangi
Wakuu habari zenu. Gari yangu imeanza kula oili, na fundi anasema injini imechoka, nitafute nyingine. Kuna anayesema niweke nyingine ya aina ileile, mwingine anasema niweke kubwa kidogo, na jirani ananisukuma niweke 1NZ, injini nyingine ya Toyota, eti inabana mafuta. Bajeti ni ndogo. Ipi bora? Nataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzee Spana
Gari gani? Injini iliyomo ni ipi? Oto au manyuo? Moshi unatoka wakati gani? Na bajeti ndogo ni ndogo ya nani? Umeuliza bei ya kiatu bila kutaja namba ya mguu.

Gia ya Tano
Weka 7A mkuu, umalize kazi.

Mzee Spana
@Gia ya Tano hata gari lenyewe hujalijua!

Gia ya Tano
Anayeshauriwa 1NZ na "kubwa kidogo" kwa pamoja ana Corolla. Subiri uone.

Nusu Tangi
Ni kweli, Corolla 110, 5A, oto. Inakula kama lita moja kila kilomita 1,000. Moshi wa bluu unatoka nikikanyaga mlimani, asubuhi nikiwasha hakuna kitu. Haichemshi. Bajeti isizidi robo ya thamani ya gari, ufundi ukiwa humohumo.

Mzee Spana
Hapo sasa tunaongea. Ungesema moshi unatoka asubuhi tu halafu unakata, ningekwambia sili za valvu, kazi ndogo. Moshi wa kwenye mzigo unanuka ringi za pistoni. Ila usinunue injini kwa kunusa. Mwambie fundi achomoe plagi zote, apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikiwa kavu, kisha amimine kijiko cha oili kwenye kila silinda apime tena. Namba zikipanda, ni ringi. Zisipopanda, valvu hazifungi vizuri au hedi gasketi inavujisha. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo moja hivi ya presha. Bila hicho kipimo, fundi wako anabahatisha kwa pesa yako.

Gia ya Tano
Niliwaambia! 7A ni ukoo mmoja na 5A. Gia boksi yako inashika, maunti za kushikia injini zinakubali, na unatoka cc 1,498 kwenda 1,762. Mlimani utasahau kuzima AC.

Mzee Spana
Sikatai, ila sema yote. Pistoni ya 7A inatembea milimita 85.5, ya 5A 77, ndiyo maana bloku yake ni ndefu kwenda juu na mkanda wake wa taimingi, ule unaopatanisha valvu na pistoni, si ule wa 5A. Na lazima ije na kontrol boksi yake, ile kompyuta ya injini. Ya 5A haijui kama kuna cc za ziada, itamwaga petroli kwa hesabu ya injini ndogo.

Kipimajoto
Mnamzungusha. 5A na 7A zote ni za mkanda. 1NZ ina cheni, kila silinda ina koili yake, haina distributa ya kugawia plagi umeme ikusumbue, na mafuta inakunywa kwa adabu. Kwa gari la kutembelea kila siku mimi siangalii pembeni.

Bi Sukani
@Kipimajoto ngoja nikupe habari ya 1NZ. Nilikuwa na Corolla 100 ya 5A. Gereji moja, siitaji, ikaniambia inaingia kama imezaliwa humo. Injini ikaletwa peke yake, waya zimekatwa kwa kisu karibu kabisa na soketi. Orodha ikaanzia hapo. Gia boksi ya 5A haishikani na 1NZ, ikatafutwa nyingine. Gia boksi mpya haikutaka shafti za zamani, zikatafutwa nazo. Egzosti ya 5A inatokea mbele upande wa rejeta, ya 1NZ inatokea nyuma upande wa dashibodi, bomba likakatwa na kuchomelewa upya. Maunti wakaunga kwa vyuma vya kuokoteza. Kontrol boksi iliyopatikana ilikuwa ya gari lenye funguo ya siri, na funguo haikuja nayo, ikawa injini inawaka sekunde moja inazima. Fundi umeme wa kwanza akaja akaondoka, wa pili akafanikiwa kuiwasha lakini geji ya joto ikafa. Kila tuta nikipita nasikia "ngo!" chini ya miguu, bomba linagonga chesisi. Na huko kubana mafuta sikukuona, ilikunywa kuliko 5A yangu mbovu. Nilipoipeleka kwingine, sensa ya oksijeni ilikutwa inaning'inia, haijachomekwa popote. Yule fundi nilipomuuliza alisema, "Dada, mashine ngeni, inajizoesha."

Nusu Tangi
Duh.

Kipimajoto
Pole sana dada. Ila hiyo kesi ni ya kuletewa injini nusunusu. Ukichukua hafukati nzima, yaani injini, gia boksi, waya, kontrol boksi, funguo, hadi kanyagio, na ukachagua zile za mwanzo zenye kebo ya akselereta, nusu ya hayo huyaoni.

Bi Sukani
Na hiyo hafukati itaingia kwenye robo ya bei ya gari?

Kipimajoto
Inategemea gari limechoka kiasi gani 😂

Chuma Chakavu
Mimi nasema 5A tena, na kabla hujalipa ikague ikiwa bado iko chini, haijafungwa kwenye gari. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta ute mweupe kama maziwa, maji yamekutana na oili, ondoka. Zungusha krenki kwa spana, isikwame popote. Chomoa plagi uzitazame moja moja. Usikubali iliyooshwa ikang'aa, huwezi kujua ilikuwa inavuja wapi. Na injini ikiwa bado nje, badilisha mkanda, wota pampu na sili ya nyuma ya krenki, maana baadaye kuifikia ile sili ni kushusha gia boksi.

Gia ya Tano
Uzuri wa 5A na 7A, mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Unavalisha mwingine unaondoka. Cheni ya 1NZ ikiruka jino uje utuambie.

Kipimajoto
Cheni inaruka kwa wasiobadilisha oili.

Gia ya Tano
Na wenye mikanda wanabadilisha kila kilomita 100,000. Tofauti iko wapi?

Mzee Spana
Mnabishana, na mwenye gari hajapima. @Nusu Tangi kama ni ringi tu na silinda hazijachimbika, ovahol ndogo ya kubadilisha ringi inaweza kutosha, na namba ya injini haibadiliki. Ukiweka nyingine, kumbuka kubadilisha na kadi ya gari, la sivyo siku ya kuuza utasumbuka.

Nusu Tangi
Fundi anasema geji ya kompresheni kaiazimisha. Vipi nikiweka oili nzito 20W-50 kwanza?

Chuma Chakavu
Itapunguza moshi kidogo, ringi zitabaki vilevile.

Bi Sukani
Mwambie akaifuate. Fundi asiye na geji anajuaje injini imechoka?

Taa ya Nyuma
Naingilia kidogo wakuu. @Nusu Tangi ukiamua kwenda 1NZ, hiyo gia boksi ya oto utaiuza? Inaingiza rivasi bila kuchelewa?